Bunduki ya Babu Inapiga Kushoto

Alhamisi, 6 Aprili

Nilifika nyumbani jana. Zimebaki siku kumi na moja tu kabla ya msimu wa kuwinda bata mzinga. Mama hakuuliza habari za chuo. Alinimiminia kahawa, akasema, "Bunduki ya babu yako imeharibika. Inapiga kushoto."

Leo alinionyesha. Tulibandika karatasi pana kwenye boksi, mbele ya ukingo wa udongo, nikachora nukta nyeusi katikati. Hatua arobaini. Mama akaketi chini ya mwaloni kama anavyoketi porini, kitako cha bunduki begani kulia, macho yote mawili wazi. Akafyatua.

Nukta yangu haikuguswa. Marisau yote, zile punje za risasi, mamia, yalikuwa yamejazana futi nzima upande wa kushoto.

"Umeona? Ndiyo maana yule dume wa mwaka jana aliondoka na kichwa chake."

Kabla ya huyo Mama hakuwahi kukosa. Miaka thelathini na moja, na bonde zima linajua. Jumamosi ya wiki ijayo kaka yake, Mjomba Denzil, atakuja kunyoosha mtutu. Huku kwetu, milima ya Ozark, mtutu hubanwa kwenye panda ya mti na kuvutwa kwa nguvu za mwili, kidogo kidogo. Ukizidisha, basi. Bunduki imekufa.

Ijumaa, 7 Aprili

Mama yuko kazini — kiwanda cha mbao hakijui Ijumaa Kuu. Nilitaka tu kujaribu. Nikalaza bunduki juu ya gunia la chakula cha ng'ombe, nikalenga, nikafyatua. Bega bado linauma.

Katikati. Katikati kabisa!

Nikapiga tena, na tena. Karatasi tatu, zote katikati. Sijui nilisimama mbele ya ile ya mwisho kwa muda gani. Kinachotoka mtutuni ni ngumi moja. Kikifika kule kimekuwa nyota. Niliinua karatasi juani, mwanga ukapenya kila tundu. Mia moja thelathini na moja ndani ya duara la ukubwa wa sahani. Yote kwa kufumba na kufumbua. Niliogopa, na sikutaka kuacha kutazama.

Kisha nikaketi kwenye nyasi. Bunduki haijui nani ameishika. Kama kwangu imenyooka, kwake imepinda vipi?

Karatasi ziko chini ya godoro. Sijamwambia.

Jumanne, 11 Aprili

Alfajiri, msituni, mikono mitupu. Tulikwenda kusikiliza tu. "Wawili," Mama alinong'ona. "Mmoja mzee." Mimi sikuwa nimesikia kitu. Halafu yule mzee akalia, nikamsikia kifuani kabla ya masikioni.

Alitokea kulia. Hatua kumi na tano, mkia umefunguka wote, kichwa chekundu na buluu na cheupe, kama kitu kilichowashwa sasa hivi. Sijui kama nilipumua. Sijui kama nilisali.

Mama alikuwa bado anatazama mbele.

"Yuko wapi?" midomo yake ilisema bila sauti. "Namsikia miguu. Yuko wapi?"

Dume akapita mbele yetu bila haraka, mabawa yakikwaruza majani makavu. Alipovuka tu pua ya Mama kwenda kushoto, Mama akashtuka. Hapo ndipo alipomwona.

Njiani alisema, "Siku hizi ukungu wa asubuhi umezidi."

Hapakuwa na ukungu.

Jumamosi, 15 Aprili

Nimesema.

Mjomba Denzil alifika na mdomo umejaa mkate. "Profesa! Huko chuoni mnakula nini, mbona umebaki shingo?"

"Vitabu, Mjomba."

"Ndiyo maana hakuna nyama."

Nilimuuliza kama ameijaribu bunduki mwenyewe. "Niijaribu ya nini? Dada yangu akisema imepinda, imepinda." Akauzungushia mtutu gunia, akauingiza kwenye panda ya mti ulio nyuma ya jiko, akatemea viganja. Mama akashika kitako.

Nikakimbia ndani, nikarudi na karatasi zangu.

"Hizi nimepiga mimi. Ijumaa ile."

Mjomba alizitazama, akaacha kutafuna. Mama hakuzipokea. "Ulivuta kulia bila kujua. Wanaoanza wote huvuta."

"Mara tatu, Mama? Sawasawa?"

"Twyla," Mjomba alisema taratibu, "nenda ndani, mpwa wangu."

Sikwenda. Niliinua karatasi moja. "Mama, funga jicho la kushoto. Niambie matundu yako wapi."

Sikutegemea atafunga. Alifunga. Jicho lake la kulia lilibaki wazi, la kahawia, zuri kama siku zote, likinitafuta kama mkono unavyotafuta swichi ukutani. Kumbe muda wote alikuwa akilenga kwa jicho la kushoto, bunduki ikiwa bega la kulia.

"Denzil," Mama akasema mwishowe. "Toa bunduki ya Baba kwenye mti."

Akaingia chumbani nayo. Hakula nasi.

Mjomba alisimama mlangoni akikunja gunia. "Nilikuwa najua, nadhani. Tangu Krismasi anamimina kahawa nje ya kikombe."

"Na bado ungeipinda?"

"Ningeipinda."

Alisema hivyo tu. Angeua bunduki ya baba yake mzazi ili dada yake asiambiwe. Mimi nimeiokoa bunduki. Sijui ni nani kati yetu amempenda zaidi.

Jumapili, 16 Aprili

Kesho msimu unafunguliwa. Tangu jana Mama ameniambia neno moja: "Pisha." Kanisani hakwenda.

Naandika jikoni, dirisha wazi. Amebandika karatasi mpya kule ukingoni. Ameketi chini ya mwaloni.

Kitako kiko begani kushoto.

Anainua, anashusha, anainua tena. Shavu halipati pa kukaa. Kidole cha kushoto kinatafuta njia kama cha mtoto anayejifunza kufunga kamba za viatu. Yeye! Mtu ambaye watu walikuwa wakija kumtazama akilenga.

Amefyatua. Kitako kimempiga shavuni. Amejifuta kwa kiwiko.

Anatembea kuelekea kwenye karatasi, anahesabu hatua kwa sauti. Kumi na tisa. Ishirini. Natamani kutoka. Nimesimama mara mbili, nimekaa mara mbili.

Amefika. Ameinamisha uso karibu kabisa, sasa anapapasa kwa vidole, tundu moja moja. Kutoka hapa sioni yako upande gani. Mgongo wake hausemi kitu.

Ameibandua. Ameikunja, ameitia ndani ya shati. Anabandika nyingine.

"Twyla! Kabatini zimebaki risasi ngapi?"

"Boksi moja, Mama."

"Lete boksi zima."

Ninalo mkononi. Naandika nimesimama. Hajanisubiri — amesharudi chini ya mwaloni, na bunduki tupu anaipandisha begani kushoto, anaishusha, anaipandisha