Kaka Anselmi na Kunguru wa Mbamba Bay

Dada Koleta, shikamoo. Huku ziwani jua ni kali, shati linakauka kabla hujamaliza kulianika.

Ulinituma nione kaka yetu Anselmi anavyokula matunda ya jasho lake. Unakumbuka, biashara ya kahawa ilipokuwa huria alinunua na kuuza mpaka akatangaza kwamba pesa anazo na muda wote ni wake. Kweli kajenga baraza pana linalotazama ziwa. Shemeji anasema alikaa hapo kupumzika mpaka akaanza kugombana na kuku kwa kupita mbele yake. Alishinda amelala, na jioni akalalamika kwamba amechoka.

Siku moja kunguru waliwavamia kina mama walioanika usipa ufukweni, wale samaki wadogo unaowapenda. Kaka akashuka kuwafukuza, na barazani hajarudi tena. Leo nimemkuta jasho linamtiririka, suruali ya kitambaa kaikunja magotini.

"Bosi, huku! Wanakula huku!" akaita Mama Yustina, mwenye vichanja vya kuanikia usipa, na bosi akatimua mbio.

Nikamuuliza, "Kaka, wanakulipa nini?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Jana nilichelewa, Mama Yustina akatuma mtu kuuliza niko wapi. Tangu niache kahawa, nani mwingine ameniulizia?"

Hata sisi, dada, hatukuwahi.

Jifunike vizuri na baridi hiyo ya Mbinga, na uwabusu watoto.

Mdogo wako akupendaye,
Fidelis