Hatukukungoja, Wifi

Dandora, Jumapili, 17 Julai 1983

Kwako wifi yangu Nekesa,

Ninakuandikia nikiwa nimekaa kitandani, daftari la Nafula magotini, maana meza imejaa nguo za kupiga pasi. Mwandiko wangu unaujua. Ulikuwa ukisema herufi zangu zinakwenda kama mbuzi waliofunguliwa kamba. Utanivumilia. Niliishia darasa la saba, na barua ndefu kama hii sijapata kumwandikia mtu.

Nataka nianze na mambo mazuri kabla sijakasirika.

Unakumbuka asubuhi yako ya kwanza kwenda kazini? Tulikuwa wanawake kumi na mmoja wa Dandora, wote wa kiwanda kile cha nyuzi, na basi lilikuwa la wenye nauli. Tulikutana kwenye kona ya kioski saa kumi na moja, giza bado, tukatembea pamoja hadi eneo la viwanda. Mimi mbele na fimbo, wageni katikati, wawili wenye miguu mirefu nyuma. Ulivua viatu ukavitia kwenye kiondo ili visiishe visigino, ukanishika leso kama mtoto. Tulipofika pale njia inapopita kati ya mto na machimbo ya mawe, uliniuliza kwa sauti ndogo, "Wifi, ni hapa?" Nikakwambia ni hapa. Hapo ndipo watu walipokuwa wakipigwa ngeta. Ngeta haina kelele: mkono unatoka nyuma, unakukaba koo, na ukizinduka uko chini, huna kiondo wala viatu. Wengine hawakuzinduka.

Hazikupita wiki mbili, woga ukakutoka kabisa. Tukifika machimboni unapaza sauti: "Nyinyi mlio humo, rudini mlale! Leo ni maharagwe tu, tena hayana chumvi!" Wenzetu walicheka mpaka mstari ukavunjika. Nilikukaripia, kumbe na mimi nilikuwa nikicheka ndani ya leso.

Sheria ya msafara ilikuwa yangu. Hakuna kati yetu aliyethubutu kuvaa saa, kwa hiyo saa yetu ilikuwa yule mzee wa mikate. Baiskeli yake ikipita, tunaondoka, aliyefika amefika. Lango la kiwanda lilifungwa saa moja kamili. Ukifungiwa nje, siku yako imekufa. Ukifungiwa mara tatu, kazi imekwisha. Niliona sheria hiyo ni nzuri, na kwa muda mrefu hakuna aliyenipinga.

Ndipo likatokea la Rhoda, yule mwembamba mwenye mapacha. Siku moja alichelewa, tukamwacha, akaja mbio peke yake na kukuta lango limefungwa. Jioni alinikabili bombani mbele ya watu.

"Mama Nafula, ingekuwa ni wifi yako ungengoja. Sheria zako ni za watoto wa wengine!"

Wewe ukamjibu kwa mzaha, "Huyu? Huyu angemwacha hata mamake!"

Watu wakacheka, Rhoda mwenyewe akacheka. Mimi nilibeba debe langu nikaenda. Maneno yale yalinikaa kama mwiba wa samaki.

Kwa hiyo sikiliza sasa, kwa sababu jambo hili hujawahi kulisikia kutoka kinywani mwangu. Asubuhi yako ile ya mwisho niligonga dirisha lako. Uliniambia kupitia hapo dirishani, "Tangulia, wifi. Najaza debe langu na lile la kwenu, mchana bomba litakauka. Nitawapata kwenye kona." Nilisimama kwenye kona. Baiskeli ikapita. Mmoja wetu akaniuliza, "Na wifi yako?" Nikamwona Rhoda ananitazama. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Sheria haina wifi." Tukaondoka.

Nekesa, nilijivuna. Nilitembea mpaka darajani nikijiona mtu wa haki.

Wachonga mawe ndio waliokukuta walipofika kazini. Zaidi ya hapo siandiki. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo.

Sasa nakasirika. Kituoni, askari aliuliza ulikuwa umebeba nini. Nikasema chakula. Akauliza chakula gani, nikasema maharagwe na mahindi, akaweka kalamu chini. Kisha akauliza lile ambalo kila mtu ameuliza tangu siku hiyo: "Na alikuwa anafanya nini huko peke yake?" Kanisani waliuliza. Matangani kwenu waliuliza. Mwenye plot tunayopanga aliuliza, yeye ambaye hajawahi kutembea kwa miguu zaidi ya kutoka kwenye gari mpaka kwenye milango yetu. Utadhani peke yake ni mahali mtu anapochagua kwenda kutembea.

Chifu naye aliitisha baraza. Akasema wanawake wasivae herini, wasitembee peke yao, na wakimwona kijana wasiyemjua warudi nyumbani. Mama mmoja akauliza kutoka nyuma, "Tukirudi nyumbani, lango la kiwanda utatufungulia wewe?" Watu wakacheka na baraza likaisha. Redioni wanatuambia habari za majambazi wa benki na wa maduka makubwa. Wenye majumba wamejenga kuta wakafuga mbwa. Njia ya machimbo haina hata taa moja.

Nimekaa nikawakumbuka wote walioumizwa pale kwa miaka niliyoijua njia ile. Sikuwaandika popote, ninao kichwani. Mmoja, mtoto wake alikuwa na surua. Mmoja, mumewe alilala nje na ufunguo. Mmoja alikuwa mjamzito na miguu imevimba. Na wewe, uliyekuwa ukijaza maji, debe moja likiwa la nyumba yangu. Hakuna aliyekuwa na kitu cha kuibiwa kilichotuzidi sisi tuliotangulia. Wale vijana hawakuhitaji kutuchunguza mifukoni. Walijua lango linafungwa saa ngapi, wakajua kwamba baada ya msafara kupita atakuja mwingine anakimbia, anahema, macho yake yako mbele. Msafara wangu ndio uliowachagulia.

Nilikwenda kwa karani wa wafanyakazi. Nilivaa nguo ya kanisani. Nikamwomba lango liachwe wazi nusu saa, basi, mwenye kuchelewa akatwe hiyo nusu saa, lakini asikimbie.

"Mama," akaniambia, "nikimfungulia mmoja leo, kesho mtachelewa wote."

"Bwana, tumezika mtu."

"Pole sana. Lakini hakufia kiwandani."

Nilirudi kwenye mashine yangu. Nyuzi zilikatika siku nzima.

Basi nikaibadilisha ile sheria mwenyewe. Nikawaambia wenzangu hatuondoki mpaka wa mwisho afike. Walinikubalia wiki moja, kwa heshima yako. Kisha tukafika wote lango limefungwa. Yule soja wa langoni, aliyependa kukuita shemeji, alisimama upande wa pili wa vyuma akatazama chini. "Mathe, na mimi nimeandikwa tu," akasema. Siku iliyofuata mmoja akaniambia taratibu, "Mama Nafula, tunakupenda, lakini watoto hawali huruma." Siwalaumu. Nilikuwa nikisema vivyo hivyo, na kwa sauti kubwa zaidi.

Tangu hapo, baiskeli ikipita wao huondoka, nami hubaki na fimbo yangu kumngoja aliye nyuma. Mara nyingi ni Rhoda, na lango tumekuwa tukiliwahi kwa shida. Mapacha wake hawakai wiki bila kuugua. Alhamisi alikuja anakimbia, leso imefunguka, akanikuta nimesimama.

"Bado uko hapa? Usiningoje mimi! Kwani mimi ni wifi yako?"

"Tembea, Rhoda."

"Utafukuzwa kazi, mama, halafu watasema ni mimi."

"Tembea, nimesema. Ukiwa na pumzi ya kubishana una pumzi ya kwenda."

Tulifungiwa nje. Kwangu ilikuwa mara ya pili. Kwake ingekuwa ya tatu, ila ile yake ya zamani ilisamehewa. Sote wawili tumebakiwa na moja.

Kaka yako alipopata habari alikasirika nisivyowahi kumwona. Aliuliza kama nimerogwa. Aliuliza ni mke gani anatupa kazi ya watoto wake kwa ajili ya mwanamke aliyemtukana bombani. Jibu lilikuwa ni wewe, na mimi nilikuwa nimemdanganya kuhusu wewe. Matangani niliwaambia watu wote kwamba tulikungoja mpaka tukakata tamaa. Mamako alinishika mikono yote miwili akanishukuru kwa kukungoja. Mwaka mzima nimelala na shukrani hiyo.

Leo tulipotoka kanisani nilimwambia kaka yako ukweli. Nilimpa chakula kwanza, sijui kwa nini, labda niliona vibaya kumwambia akiwa na njaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Mlimngoja muda gani?"

Nikasema, "Hatukumngoja."

Akauliza tena kana kwamba hakusikia, nami nikajibu tena. Alisukuma sahani, akachukua kofia yake akatoka. Hajaenda mbali. Amekaa kwenye jiwe nje ya mlango, na kutoka hapa kitandani naona mgongo wake. Nafula amempelekea chai, akaipokea, lakini naona hainywi. Hajasema niache kwenda kesho, wala hajasema niende.

Nitakwenda. Rhoda amenitumia salamu kwamba mtoto mmoja bado ana homa, na sihitaji kuambiwa maana yake. Nitasimama pale mpaka afike. Huenda lango likafungwa mbele yetu, nami nikarudi kuanza kutafuta vibarua vya kufua nguo za watu. Ninaogopa, wifi. Sijioni mtu wa haki safari hii. Najiona mwanamke aliyesimama gizani kwenye baridi, anayejua mwenzake yuko nyuma.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Na sijui huko uliko kama watu hukumbuka waliowaacha. Kama mnakumbuka, basi mimi pia unikumbuke.

Wifi yako,
Mama Nafula