Mkono wa Nahla

Kengeja, Pemba
Ijumaa, baada ya Alasiri

Kwa dada yangu mpenzi Mwanawema,

Asalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta na siha njema huko Unguja, wewe, shemeji na watoto. Sisi ni wazima, alhamdulillahi, na Mama anakusalimu sana. Ningekupigia simu, lakini haya yanataka kusemwa polepole.

Uliniuliza kama Mama anakula. Tangu Baba atangulie mbele ya haki, sahani yake ilikuwa ikirudi kama ilivyokwenda, hata pete ikawa haikai kidoleni. Sasa anakula. Kila mchana ninampelekea bakuli kutoka kwetu. Hufunua kawa mwenyewe, akafumba macho, akauvuta mvuke wa tui kama anayesikiliza mtu aliye mbali. Majirani anawaambia kuwa mke wangu Nahla ana mkono wa baraka.

Dada, mkono huo ni wangu.

Mimba ya Nahla haitaki harufu ya kitunguu wala samaki. Sokoni Mtambile nimezoea kwenda, kama wanaume wote, lakini kikapu nilikuwa nikikitua mlangoni. Siku hizi naingia nacho mpaka jikoni. Wali wa kwanza uligeuka uji, na Nahla alicheka hadi akakaa chini. Kisha nikaanza kupapenda hapo jikoni. Nikichuja tui, dunia hupunguza sauti. Moshi hupanda taratibu kwenye makuti, samaki changu anatokota, nami husahau kama ni asubuhi au adhuhuri.

Kwa Mama niliogopa. Wamjua: mwanamme kushika mwiko kwake ni aibu ya ukoo. Nilihofu akijua atalisukuma bakuli, arudie njaa yake.

Jana akanituma nimwite Nahla, amshukuru kwa kinywa chake. Uongo ukanishinda. Nikakaa chini kando ya kitanda, nikamwambia yote.

Alitafuna tonge lake, akameza, kisha akaniuliza nani kanifunza. Nikamjibu hapana aliyenifunza. Nilikuwa nikiitafuta tu ladha ya mchuzi wa kwetu tulipokuwa wadogo.

Machozi yakamtoka. “Mchuzi ule alikuwa akipika baba yako,” akasema.

Akanieleza kuwa Baba alianza wakati yeye Mama ana uzazi wako, akaendelea miaka yote, akirudi shamba mapema sisi tukiwa chuoni tunasoma Kurani. Baba alimwapisha Mama asimwambie mtu. Sifa zote akazichukua Mama. Bakuli langu la kwanza alipolionja, alidhani uzee unamchezea, akanyamaza ili ladha isimtoroke.

Nilidhani tumemaliza. Akanishika mkono: “Kesho njoo upike hapa uani. Watu wapite, waone.”

Leo nimepika, Dada, na watu wamepita.

Nahla anakusalimu, na Mama anakuombea dua. Nisalimie wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo.

Ni mimi nduguyo,
Bakar