Mama Mkwe Ameteka Gemu Yangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukicheka ucheke kimyakimya, maana hapa nilipo sina wa kumwambia. Mimi ni fundi wa meno bandia, mtu mzima mwenye mke na kazi yake, na mwezi uliopita nilinunua kile kidude cha gemu cha kushika mkononi, cha bei nafuu, chenye michezo ya zamani, nikamwambia mke wangu ni zawadi ya mama yake, ambaye yuko kwetu anauguza goti, eti daktari kasema vidole vikichangamka mwili unapona haraka, na daktari hakusema lolote, nilitaka tu niwe nakicheza mama akisinzia. Basi mama hasinzii. Siku ya kwanza aliniuliza, "Mwanangu, hiki kinawashwa wapi?" na wiki haijaisha akawa ananiambia nisimzibie mwanga, goti limeshapona lakini haongelei safari, na juzi nilipoomba nicheze kidogo tu akanijibu mbele ya mke wangu, "Baba, wewe hukiwezi, unakufa mapema mno." Mke wangu amewasimulia dada zake wote jinsi nilivyo mkwe wa kupigiwa mfano, na mimi nameza mate. Sasa nataka changu, nicheze kazini saa ya chakula. Dukani kuna kikubwa kipya ambacho bei yake inatoa jasho, na kidogo kilichotumika, muuzaji anaapa ni kama kipya. Ninunue kipi, na nikifiche wapi?

Mkwe Mwema

Mkwe Mwema,

Pole, ila umejitakia. Ulimfanya mgonjwa kichaka cha kujifichia, sasa unashangaa kichaka kina mwenyewe.

Kile kikubwa achana nacho. Hakiingii mfukoni, na nusu saa ya chakula haihitaji mashine ya fahari. Hicho cha "kama kipya" usikilipie kabla hujakaa nacho hapo hapo dukani. Bonyeza kila kitufe. Ukiona mchezaji wa kwenye kioo anatembea mwenyewe na wewe hujagusa kitu, kirudishe. Chomeka chaji uone kama inaingia, kisha uliza kama michezo imo ndani au utainunua kando, maana hapo ndipo cha rahisi hugeuka ghali. Muuzaji akianza kukuharakisha, ondoka, ukanunue pacha wa kile cha mama. Umeshaona kinavyohimili kushikwa kutwa nzima.

Kuhusu kuficha, hapana. Mwambie mkeo leo, kabla mama hajamwambia. Au unadhani mama hajui? Mwanamume anayeleta zawadi huku anajua kila kitufe kinafanya nini hajamnunulia mtu mwingine. Mkeo atanuna siku mbili na kukucheka mwaka mzima. Vumilia.

Kisha kaa karibu na mama, umwombe kwa adabu akuonyeshe anavyovuka pale panapokushinda. Wala usimuulize anaondoka lini. Mkwe hafukuzwi kwa kosa la kukuzidi mchezo.