Karatasi ya Siku za Ndege

Siku ya Kwanza, tarehe 7 Oktoba

Leo pia nimempelekea Baba chakula kazini. Wali na sombe, majani ya mihogo. Mvua imelowesha kitambaa, wali haukulowa. Baba ni karani wa Patro, Mzungu anayeuza tike za ndege karibu na gare, kituo cha treni. Wazungu huingia mlangoni na kukaa kwenye viti. Watu weusi huulizia kwenye dirisha la pembeni. Mimi huingia kwa sababu nabeba sahani.

Kuna karatasi mpya ukutani, nyuma ya kiti cha Patro. Serikali imeamuru kila nyumba ya tike ibandike siku za ndege ili wasafiri wasome. Lakini aliye dirishani haioni. Nimeinakili yote wakati Baba akila. Masera, watawa wanaotufundisha, hutuambia tunakili kila Kifaransa kizuri tunachokutana nacho. Ndege ya Stanleyville: siku ya pili na siku ya tano.

Kisha nikamsikia Baba akimwambia mama mmoja dirishani: ni siku ya tano peke yake, na imejaa. Mtu akasema nyuma ya yule mama, "Karani, hii avio inajaa kila juma, iko na tumbo ya kiboko?" Wakacheka. Baba hakucheka. Hakunitazama.

Sikuelewa. Au nilielewa, sikutaka.

Siku ya Pili, tarehe 8

Ndege imepita juu ya shule saa ya hesabu. Siku ya pili, kama karatasi ilivyosema.

Jioni nimemkuta yule mama kwenye bomba la maji. Anaitwa Mama Zaina, wa Kibombo. Alishuka treni juma lililopita. Binti yake yuko hospitali ya Stanleyville, anangoja kupasuliwa, anamtaka mama yake. Mama Zaina analala kwenye nyumba ya wageni ya Patro na kula mchele wa duka la Patro, yote kwa fedha yake. Wenzake pia. Wote wanangoja ndege iliyojaa.

Sasa najua ndege inajazwa na nini.

Nimempa karatasi yangu. Nimemsomea mara mbili. Aliikunja akaifunga kwenye ncha ya kitambaa chake. Nilirudi nyumbani najiona mtu mwema.

Siku ya Tatu, tarehe 9

Nimeamka nikakumbuka jina. Shuleni kwetu hakuna karatasi bila jina juu. Jina, darasa, tarehe. Ile niliyompa Mama Zaina nilianza kwa kuandika yote matatu, kama tulivyozoea, nikapiga na mstari chini kwa rula. Veronika, darasa la sita. Ni nani Kindu asiyejua baba yangu ni nani?

Baada ya masomo nimekimbia kuiomba. Mama Zaina alikwenda Mikelenge kutafuta mihogo. Nimengoja mpaka miguu ikauma. Hakurudi.

Sijamwambia Baba. Mimi mwoga.

Siku ya Ine, tarehe 10

Imetokea. Mama Zaina amesimama dirishani akainua karatasi. "Karani, hii iko inasema siku ya pili. Juzi avio ilipita, nilikuwa naiangalia na macho yangu haya." Wengine wakaanza kupiga kelele. Patro akatoka, akaipokonya, akasoma jina langu kwa sauti.

Haya yote Mama ameyasikia sokoni. Baba mwenyewe amerudi akasema neno moja tu, "Veronika." Sikupigwa. Afadhali ningepigwa.

Mama amemwuliza kwa nini alikuwa anawadanganya watu. Amejibu kwamba Patro ndiye aliyemwagiza aseme hivyo, na mtu akikataa kusema, yuko mwingine anayejua kuandika. Mimi nikaenda kuosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.

Siku ya Tano, tarehe 11

Mkaguzi wa serikali ameshuka na ndege ya leo. Anapita kila mji kuona kama ile amri inafuatwa. Patro amempokea uwanjani. Tayari amemweleza: karatasi ilibandikwa, karani ndiye aliyewaficha watu, alikuwa anakula kuku na mchele wao ili awape nafasi.

Uongo. Nyumbani kwetu hatujaona kuku tangu Pasaka.

Kesho kila mtu ataitwa kwenye biro ya Administrateri, mkuu wa wilaya. Mama anasema ni gereza. Amesema polepole, kama mtu anayetaja mahali anapopajua. Kaka yake alikwenda huko akarudi amechapwa, hawezi kukaa chini.

Nimesali. Nasahau maneno katikati.

Siku ya Posho, tarehe 12

Niandike upesi.

Wameniita. Polisi alikuja mpaka mlangoni kwetu. Mkaguzi ni kijana, shingo nyekundu kwa jua, hajui Kiswahili. Mkarimani wa biro yuko Lokandu, na Baba, ambaye angetafsiri, ndiye anayeshtakiwa. Mkaguzi alikuwa na karatasi yangu mbele yake. Akaniuliza kwa Kifaransa kama niliandika peke yangu. Nikasema ndiyo. Akasema anayeandika hivi anaweza kutafsiri. Patro akacheka. "Mtoto wake? Atamwokoa babaye, ni nani asiyeona?" Mkaguzi akasema yeye ataona.

Baba alikuwa amesimama ukutani, mikono nyuma. Anajua lugha zote mbili kuliko mimi. Kila neno langu angelisikia mara mbili.

Mama Zaina akasema habari ya nyumba ya wageni, mchele, siku za kungoja. Nikatafsiri. Mkaguzi akauliza kama karani aliomba kuku. Mama Zaina akacheka kwa uchungu, "Kuku gani? Nilikuja na mwavuli." Nikatafsiri. Kidogo nikapumua.

Ndipo mkaguzi akauliza ni nani aliyewaambia ndege imejaa.

Mama Zaina akamtazama Baba, akanitazama mimi. "Karani njo alituambia. Kila siku. Na sauti yake hii hii. Unisamehe, mutoto."

Mkaguzi alikuwa na kalamu juu ya karatasi, anangoja. Ningeweza kusema: Patro. Ningeweza kusema: hakumbuki. Patro anajua Kiswahili cha kuagizia tu, asingenikamata. Mama Zaina asingejua. Baba tu.

Nilimtazama. Uso wake haukuniomba kitu.

Nikatafsiri. Karani ndiye aliyetuambia, kila siku, kwa sauti yake hii hii. Hata "unisamehe, mtoto" nikaitafsiri, sikujua cha kufanya nayo.

Mkaguzi akamwuliza Baba ni nani aliyemwagiza. Baba akamtaja Patro. Patro akakana. Mkaguzi akaandika muda mrefu.

Baba hakurudi nyumbani.

Siku ya Mungu, tarehe 13

Siku tano za gereza kwa kudanganya wasafiri. Patro amepewa onyo na amri ya kutoa karatasi nje. Onyo tu.

Misa. Sikuweza kupokea Komunyo. Mama hasemi nami, au mimi sisemi naye. Ni mimi niliyemfunga. Nilisema kweli na nimemfunga.

Siku ya Tatu, tarehe 16

Karatasi iko nje, kando ya dirisha. Nimepita mbali. Watu wamejaa mbele yake, mwenye kusoma anawasomea wengine. Mama Zaina aliondoka jana.

Wafungwa wamefyeka majani barabara ya gare. Sikuthubutu kuangalia nyuso. Nimehesabu migongo mpaka nikauona wa Baba. Anatembea sawa. Nimekimbia.

Siku ya Posho, tarehe 19

Baba yuko nyumbani tangu jana. Kazi hana. Patro ameajiri mwingine. Juma lijalo ataanza shamba la mpunga la babu.

Mchana Mama amekwenda sokoni, tumebaki wawili. Baba amekula, amenawa, amekaa mkekani. Mimi nimesimama mlangoni.

Amesema, "Ungeiruka ile sentensi ya Mama Zaina, ningejua."

Nimesema, "Ndiyo, Baba."

"Na mimi ningeshukuru. Halafu siku zote ningekuwa nasikiliza ni neno lipi jingine unaruka."

Amesogea kidogo, ikabaki nafasi kwenye mkeka. Nimekaa.