Ukumbi Wenye Mlango Mmoja

Jumatatu, jioni. Mvua imeanza tena, ile nyembamba ya kwetu Tukuyu isiyo na haraka ya kwenda popote.

Kuna jambo ambalo mpaka jana mchana sikuwahi kumwambia mtu yeyote. Naliandika hapa pia, kwa sababu kwenye blogu hii nimezoea kuandika mambo yanayonipendezesha, na huo nao ni uongo wa aina yake.

Jambo lenyewe ni hili: nilijua.

Nianze mwanzo. Klabu yetu ya sanaa shuleni ilipewa ukumbi wa zamani ulio nyuma ya soko, siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, tufanye maonyesho ya kazi za wanakijiji na watu wa mjini. Mwalimu Sekela, mlezi wetu, alisema hataki maonyesho ya wenye viatu vizuri peke yao. Alitaka kila mtu aingie. Akauliza nani atakaa aandike orodha ya watu ambao ukumbi ule ungewazuia, na kwa kila mmoja tutafanya nini. Klabu nzima ikanigeukia mimi, Tumpe. Huwa siongei, lakini kuandika naandika.

Niliandika kwa wiki nzima. Namba moja, mzee muuza viatu anayetembelea magongo: tukatengeneza mteremko wa mbao juu ya ngazi. Namba mbili, watoto wadogo: tukatundika baadhi ya picha chini, usawa wa macho yao. Namba tano, mabibi wasiojua kusoma na wasioelewa Kiswahili vizuri: awepo mtu mlangoni wa kuwaeleza kwa Kinyakyusa. Nilifika namba kumi na moja. Mwalimu Sekela aliisoma mbele ya wote, akasema, "Tumpe amefikiria watu wote." Nilitazama dawati langu kwa furaha.

Hakujua kwamba ilikuwepo namba kumi na mbili. Niliiandika kwa penseli, neno moja tu: *wakwe*. Kisha nikaifuta.

Kwetu mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hapiti alipo, hatamki jina lake. Akimwona kwa mbali anajitanda kanga kichwani na kuingia migombani mpaka apite. Ni heshima, na heshima hiyo ni ya pande zote mbili. Babu, aliyemzaa Baba, akija kwetu anaanza kukohoa tangu kwenye mparachichi ili Mama apate nafasi ya kuondoka. Mimi ndiye ninayepeleka chai. Mimi ndiye ninayebeba maneno. "Mwambie babu yako uji una maziwa." "Mwambie mama yako ahsante, ndaga fijo." Sijawahi kuwaona wote wawili katika chumba kimoja. Hata kanisani Babu huingia mlango wa mbele, na Mama mlango wa ubavuni.

Ukumbi wa nyuma ya soko una milango miwili pia. Ule wa nyuma ulikuwa umezibwa na viti vibovu. Niliuona. Nilisema tuuache.

Na pale Mwalimu alipouliza nani atakaa mlangoni kuwaeleza wazee kwa Kinyakyusa, ni mimi niliyenyoosha mkono na kumtaja Babu.

Kwa nini? Nimejiuliza siku tatu. Nilikuwa nimesoma sana. Nilikuwa nimejaza kichwani kwamba dunia imebadilika, maduka yamejaa vitu, watu wanaongea na ndugu zao kwa simu wakiwa shambani, na mama yangu bado anajificha migombani. Niliona aibu kidogo. Nikawaza kwamba siku hiyo atavaa vizuri, atafika mlangoni, watu watakuwa wengi, ataona haya kurudi, atapita tu. Halafu mambo yatakwisha. Nilitaka kumwingiza Mama kwa nguvu mahali ambapo niliandika kwamba kila mtu ataingia kwa amani.

Sasa niseme mle ukumbini kulikuwa na nini cha Mama.

Mwaka huu Baba alibomoa jiko letu la udongo, akajenga la matofali ya kuchoma na bati. Ni zuri, halivuji. Lakini jiko la zamani Mama alilipaka mwenyewe kila baada ya masika: udongo mweupe wa kijitoni, udongo mwekundu, na masizi ya chungu, kwa vidole, mistari na nukta na pembe zinazoshikana mikono kuzunguka ukuta mzima. Alijifunza kwa mama yake. Kwenye matofali hapaki. Anasema matofali hayanywi.

Nilimwomba apake kwenye ubao. Alinicheka sana. "Ubao uning'inie kama nguo? Nani ataacha kazi zake aje kuangalia ukuta wa jiko?" Lakini alipaka, jioni tatu, taa ya chemli pembeni, akiimba kwa pua. Alipomaliza akaniuliza kama ukumbi ni mkubwa. Nikamwambia ni mkubwa. Akasema, "Jikoni ukirudi nyuma hatua mbili unakanyaga moto. Mimi sijawahi kuiona kazi hii kwa mbali. Nataka nisimame mbali niione kama ni ya mtu mwingine."

Ndicho alichotaka. Hakutaka kitu kingine.

Ijumaa mvua ilianza saa sita. Babu alikaa kwenye kiti mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, anafurahi kama bwana harusi. "Karibuni, karibuni! Ingieni, msione haya, hata mimi picha hizi sizielewi!" Wazee wakacheka wakaingia. Yule mzee wa magongo alipanda mteremko wetu, akafika juu, akageuka, akashuka, akapanda tena ili tu watu wamwone. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba nilisahau kuogopa.

Kisha nikamwona Mama chini ya mteremko na jirani yetu mama Bupe. Amevaa kitenge chake cha Krismasi. Amepaka mafuta mpaka kwenye viwiko. Aliweka mguu mmoja juu ya mbao, akainua macho.

Babu alikuwa katikati ya "karibuni". Hakulimaliza neno. Akainamisha uso akatazama viatu vyake.

Mama alijifunika kanga na kugeuka. Mama Bupe akacheka kwa sauti, yeye ana utani na kila mtu. "Yoo! Leo golikipa yupo golini, mwenzangu, hupiti!" Watu wakacheka. Lusajo wa darasa letu akanong'ona nyuma yangu, "Profesa, mbona mama yako amekimbia picha yake?"

Niliendelea kupanga daftari la wageni lililokuwa limepangwa tayari.

Nilipopanda kiti na kuchungulia dirishani nilimwona yuko nyuma ya ukumbi, kwenye migomba ya mlinzi wa ukumbi. Hakuondoka. Alikuwa anajaribu kunyanyuka kwa vidole vya miguu ili aone ndani, lakini madirisha ya ukumbi ule yako juu, na vioo vya chini vimepakwa rangi. Alijaribu kwenye dirisha la kwanza. Akaenda la pili. Maji yanamtiririka mgongoni. Mama yangu, akichungulia kama mwizi mahali ambapo jina lake limeandikwa ukutani kwa mkono wangu.

Nilishusha ubao. Nilivua sweta la shule nikaufunika, nikapita mlangoni mbele ya Babu nikikimbia, nikazunguka jengo.

Hapo ndipo nilipofanya kosa la mtu aliyesoma vitabu vingi na kuangalia vitu vichache. Udongo wa ukuta huwa unakaa chini ya paa. Hauna gundi. Kila mwaka Mama hupaka upya kwa sababu hiyo hiyo, na mimi niliyekua nikiona hivyo kila mwaka nilikimbia nao kwenye mvua.

Nilipotoa sweta, upande mzima ulikuwa umebaki ndani ya sweta. Uliosalia ulikuwa unashuka polepole, mweupe ukiingia kwenye mwekundu. Mama akaweka viganja vyake viwili kwenye ubao kana kwamba anazuia mtoto asianguke. Rangi ikapita katikati ya vidole vyake.

"Umeutoa ndani kwa nini, mwanangu?"

"Ili uuone."

Kisha akauliza, bila ukali, "Ulijua babu yako atakaa pale?"

Nikasema, "Nilisahau."

Akaitikia kwa kichwa. Alinifuta mashavu kwa ncha ya kanga, akarudi nyumbani Kisondela kwa miguu na mama Bupe. Mama Bupe hakuwa akicheka tena.

Jioni nilirudi na Babu. Tulipofika kwenye daraja la miti akasema, "Yule aliyegeuka ni mama yako."

"Ndiyo, Babu."

"Alikuwa na kazi yake mle ndani?"

"Ndiyo."

Akasimama. Babu akikasirika hupunguza sauti. "Mjukuu wangu, ungeniambia tu. Ningekohoa, nikatoka, nikaenda kutazama mvua mpaka amalize. Kuna shida gani? Miaka ishirini tunapishana hivyo na hajakosa njia hata siku moja. Leo nimekuwa jiwe la kumzibia mlango, na aliyeniweka pale ni wewe."

Nilikuwa nimedhani mila ile ndiyo mlango uliofungwa. Kumbe ina kikohozi, ina njia ya ubavuni, ina mtoto wa kubeba chai. Mlango uliofungwa ulikuwa wangu.

Jumamosi nilifika ukumbini kabla ya wote. Niliomba ufunguo kwa mlinzi, nikatoa viti vibovu kimoja kimoja, nikafungua mlango wa nyuma na kufagia. Babu alibaki nyumbani kwa hiari yake. Nikautundika ubao mahali pake, na madoa yake. Lusajo akasema, "Ah, hii sasa ndiyo sanaa ya kisasa." Baadaye Mwalimu Sekela aliutazama muda mrefu akasema una uzuri wake hivyo hivyo. Najua alitaka kunisaidia. Niliona afadhali maneno ya Lusajo.

Nilikaa karibu na mlango wa nyuma mpaka saa kumi na moja. Waliingia kuku wawili wa mlinzi, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyesema huku hakuna msongamano.

Mama hakuja. Alikwenda kuchuma chai. Nilipomwambia kwamba mlango wa pili ulikuwa wazi, akasema, "Vizuri, utawafaa wengine. Mimi ningekuja kuona nini?"

Jana, Jumapili, tulipotoka kanisani nilichukua ndoo na jembe nikateremka kijitoni mahali anapochimbaga udongo mweupe. Nilijaza ndoo nusu, nikapandisha nayo. Mama alikuwa amekaa nje ya jiko jipya anamenya ndizi. Niliiweka ndoo chini, nikakaa kwenye kigoda kingine, nikamwambia kwamba sikusahau. Nikamweleza namba kumi na mbili, na penseli, na kifutio. Nikamweleza kuhusu aibu yangu pia. Hiyo ilikuwa ngumu kuliko yote, kwa sababu aliacha kumenya aliposikia.

Hakunipiga. Hakusema yamekwisha. Alitazama matofali kwa muda. Kisha akaingiza mkono kwenye ndoo, akasugua udongo kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Huu una mchanga," akasema. "Umechimba juu mno." Akarudi kwenye ndizi zake.

Sijui maana yake. Usiku kucha nimejiuliza kama alikuwa ananifukuza au ananifundisha.

Leo alfajiri, kabla ya shule, niliumwaga ule udongo wa jana chini ya mgomba. Nikarudi kijitoni na ndoo tupu. Nilichimba mpaka jembe lilipoacha kukwaruza na udongo ukatoka laini kama ugali wa moto. Nimeuacha kando ya mlango wa jiko, nimeufunika kwa jani la mgomba usikauke. Halafu nikaosha miguu, nikaenda shule.