Kisigino na Njia ya Kwenda Mahame

Jumamosi, Julai. Upepo umeamka kabla ya jua na bati la jirani linagonga. Kwa Singida hiyo si habari, ni msimu tu. Magoti yana baridi, lakini nyuma ya kisigino cha kulia pametulia. Naandika hili kwanza, kwa sababu kwa zaidi ya mwaka siku zangu zimeanzia hapo: hatua ya kwanza kutoka kitandani, na yale maumivu kama waya unaovutwa.

Wengi hapa wanasema ni mshipa. Ni ukano, ile kamba nene inayounganisha shavu la mguu na kisigino. Wangu umenenepa katikati. Nikiubana kwa vidole nakuta kama fundo.

Mwanzoni nilifanya wanachofanya watu wa rika langu. Nilikaa. Na mtaa mzima wa Utemini ulinisaidia kukaa. Nikitoka na ndoo, kijana ameshaipokea. Nikifika msibani, kiti kimeshaletwa. Heshima ya watu wetu ni tamu, na mguu wangu ulizidi kulegea ndani yake. Nikipumzika, maumivu yanapungua. Nikienda sokoni mara moja, yanarudi yote.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini ndiye aliyenigeuza mawazo. Nyuzi za ukano, alisema, zimevurugika kwa kubebeshwa mzigo kuliko zilivyozoea. Kuziacha kabisa hakuziponyi. Zinahitaji kuzoezwa mzigo upya, taratibu, kwa miezi. Alinikataza kusugua kwa nguvu na kutembea na ndala bapa. Akaniagiza nisimame, nishike ukuta, niinuke kwa vidole, kisha nishuke polepole sana. Maumivu kidogo yanavumilika. Kipimo ni asubuhi inayofuata: kama kisigino hakijakakamaa zaidi, mzigo ulikuwa wa kadiri. Kama kimezidi, nipunguze.

Nipunguze, nisiache.

Nafanya zoezi hilo mlangoni kwangu, asubuhi na jioni, nimewapa wapita njia mgongo. Mama Hawa, jirani yangu mkaanga maandazi, hakukawia.

"Shikamoo, bibi. Leo tena unamchungulia nani huko juu ya ukuta?"

"Marahaba. Nakuchungulia wewe unavyounguza maandazi."

Nilikuwa nikishuka haraka mno, hadi nikapata kipimo changu. Mtu akinisalimu nikiwa juu ya vidole, naanza kushuka na shikamoo yake, na kisigino hakigusi chini mpaka ameuliza habari za nyumbani. Akifika kwenye mifugo, mguu unatetemeka. Vijana wa siku hizi wanasalimu kwa mkato. Hao hawanifai kwa mazoezi.

Lakini sifanyi haya ili nisifiwe mlangoni.

Mama yetu amelala kwenye mahame yetu, kwenye mteremko chini ya Kilimatinde. Tulihamishwa kutoka pale nikiwa msichana, watu walipopelekwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara. Tangu hapo nimeishi Manyoni, kisha Dodoma, na sasa hapa, na kila nyumba nimeiita ya muda. Familia imeamua kulijengea kaburi mwezi ujao. Gari linafika juu; kutoka hapo ni njia ya mawe, kushuka na kupanda tena. Mdogo wangu Yudita nilikuwa nimembeba mgongoni siku ya mazishi. Wakubwa wote wa siku ile wameshafariki. Anayelijua kaburi ni mimi peke yangu.

Jana Daudi, mtoto wa Yudita, alinipigia simu kutoka Manyoni.

"Mama mkubwa, usijisumbue na huo mguu. Nitashuka na simu, utaona kwa video, unaniambia ni hapa au pale."

"Utanionyesha nini?"

"Minyaa. Si ulisema kaburi liko penye miti ya minyaa?"

"Daudi, kila mahame yana minyaa."

"Basi tutajengea panapokaribia."

Panapokaribia.

Nilijaribu kumwelekeza kwa maneno nikashindwa. Napajua kwa kuanzia mlangoni kwetu, na mlango haupo tena. Lazima nisimame pale, nigeuke kama nilivyogeuka siku ile. Sitaki mama ajengewe jirani na alipo.

Kwa hiyo leo nimeujaribu mguu. Nilivaa viatu vyenye kisigino kidogo, nikachukua fimbo na mfuko wenye chupa ya maji, nikaenda hadi kwenye majabali ya kando ya ziwa. Kushuka kulinipa taabu ndogo. Katika kupanda, ukano ulianza kuuma. Nikasimama, nikanywa maji, nikaendelea taratibu. Maumivu yalibaki palepale, hayakuongezeka. Wakati wa kurudi Mama Hawa alinikuta njiani akanyoosha mkono kuchukua mfuko wangu.

"Lete, bibi."

"Niachie. Mzigo huu ndio dawa."

Alinitazama kama anayetaka kubisha, kisha akauacha, akatembea nami kwa mwendo wangu hadi nyumbani. Sijapewa heshima kubwa kuliko hiyo mwaka huu.

Sasa ni jioni. Kisigino kina joto kidogo, basi. Sijampigia Daudi, na sitampigia leo. Kesho, kabla ya chai, nitashusha mguu sakafuni, na hatua ya kwanza ndiyo itakayonipa jibu la kumpa.

Naamini nalijua tayari. Viatu nimeviacha mlangoni, vikitazama nje.